Sheria ya usalama kazini haiishii getini

Mhariri,

Wapo waajiri wanaodhani kwamba sheria ya usalama na afya kazini ni ya viwandani tu, na kwamba kibarua aliyeletwa na mkandarasi hawahusu. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahesabu kuwa mahali pa kazi kila sehemu ambayo mfanyakazi hulazimika kuwapo au kwenda kwa ajili ya kazi yake, ilimradi mwajiri anaidhibiti, hata kama si moja kwa moja. Fundi anayepanda paa bila mkanda wa usalama anahusika, na karani anayevuta vumbi la ghala vilevile. Nchi inaweza kuacha nje baadhi ya sekta, kama uvuvi, lakini kwa kutaja sababu. Ubahili, kisingizio cha kila siku, haumo.

Msomaji wako