Kuchi wanatutoka kwenye matenga ya sikukuu

Mhariri,

Kila Idd ikikaribia, majogoo wa kuchi, aina ya kuku wetu wakubwa wa asili, hukusanywa vijijini Pemba na kutiwa matengani. Mnunuzi humtaka aliye mrefu na mzito, na huyo ndiye aliyefaa kubakishwa mbegu. Nyuma hubaki pora, yaani jogoo mchanga, aliye dhaifu, au jogoo wa kisasa aliyeletwa kwa nyama, naye ndiye anayepanda mitetea ya kuchi.

Kwa vinasaba, kuchi ni jamaa wa karibu wa Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Ukoo uliovuka bahari zote hizo unatoweka uani kwetu kwa bei ya kitoweo.

Wapo wanaojitahidi kuurudisha, lakini humtenga mtetea na jogoo mgeni leo na kesho wakaokota mayai ya kulalisha. Hapo ndipo wanapoharibu. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya mtetea wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo mayai ya wiki tatu za mwanzo yaliwe tu. Umbo nalo hudanganya: chotara wa kwanza huweza kuwa na undu, yaani kilemba cha kichwani, mdogo uliolala, kama kuchi hasa. Wapandishe kuchi kwa kuchi uangalie vifaranga. Akitoka hata mmoja mwenye undu wa msumeno, wazazi wote wawili wana damu ya nje.

Mayai ya kulalisha yasizidi siku 7, yakae kivulini, ncha chini. Koo, yaani kuku mwenye kulalia, wa kuchi ni mzito, huyavunja. Mpe koo wa kawaida mayai 10. Vifaranga huchelewa kuota manyoya, basi masika wasitolewe nje mapema, mvua huwaua hata kabla ya kunguru. Chanjo ya mdondo (kideri) iitwayo I-2 ni tone moja jichoni kila miezi 3, mtaa mzima siku moja. Aliyekwisha kuugua haimfai kitu.

Nyumba tatu zikishikana zinatosha kuanza. Kila moja ifuge mitetea 6 na majogoo wawili waliotengwa, wapandishe kwa zamu, maana wakikutana watauana. Kila mwaka mapora wa nyumba ya kwanza waende ya pili, wa pili waende ya tatu, wa tatu warudi ya kwanza, mitetea isihame. Bila hivyo, ndugu watapandana.

Tunaiomba idara ya mifugo iziandikishe nyumba za namna hii shehia kwa shehia, kabla ya sikukuu ijayo.

Wafugaji wa kuchi,
Wete, Pemba