Unga wa mlonge hauliokoi kongosho la mnywaji

Mhariri,

Pombe ikijadiliwa, ini ndilo hutajwa, kongosho husahaulika. Hapa Kisumu wauza unga wa mlonge na juisi ya bitiruti wameliona pengo hilo: kunywa jioni, asubuhi piga glasi moja, sumu yote itoke. Naomba nafasi nieleze kwa nini hesabu hiyo haitoki.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvihifadhi vikiwa vimelala mpaka vifike utumbo mwembamba. Ndani yake pombe huvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza huzaa asetaldehidi, ambayo ni sumu, na chembe haribifu za oksijeni, ambazo hula akiba ya glutathioni, yaani kinga ya seli yenyewe. Ya pili huunganisha pombe na asidi za mafuta, na kinachopatikana hufurisha kalsiamu ndani ya seli na kuzinyima nguvu. Hapo vimeng'enya huamka mapema, kongosho likaanza kujisaga lenyewe. Uvimbe ukijirudia huacha makovu yasiyofutika.

Mlonge na bitiruti husifiwa kwa antioksidanti, yaani viambato vinavyopambana hasa na zile chembe za oksijeni. Njia ya pili haziizibi. Majaribio nayo hayakubaliani. Delhi, mwaka 2009, wagonjwa 127 wa uvimbe sugu wa kongosho walifuatiliwa, na waliopewa seleniamu, vitamini C na E, beta-karotini na methionini walipungukiwa na siku za maumivu. Manchester, mwaka 2012, wagonjwa 70 walifuatiliwa miezi 6: maumivu hayakutofautiana. Lakini kule Delhi walioharibiwa na pombe walikuwa 35 tu, ilhali Manchester walikuwa wengi. Kwa mnywaji wetu, mimi naegemea Manchester. Na vidonge vina hatari zake: nchini Ufini, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha wavutaji sigara waliopewa beta-karotini wakipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Wanywaji wengi huvuta, na sigara yenyewe huharakisha uharibifu wa kongosho.

Mboga basi ziliwe kama chakula, maana mlevi hula kidogo na akiba yake ya vitamini ni duni. Shida iko kwenye sufuria. Dek (mgagani) au mrenda huchemshwa muda mrefu kwa magadi, kisha maji ya dek yakamwagwa. Magadi huua vitamini C, na kilichosalia huenda na maji. Osha majani kabla ya kukata, tia maji kidogo, funika, epua yakilainika. Uchungu wa osuga (mnavu) upunguze kwa maziwa, kama kina mama wa huku wanavyojua. Pera la gramu 100 lina takriban miligramu 200 za vitamini C, kwa bei ambayo hakuna kopo la unga litakaloishinda.

Kipimo cha pombe nacho hupotosha. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 250 cha asilimia 40 kina karibu 80, sawa na bia nne. Chang'aa haina lebo, hivyo hakuna cha kuhesabu.

Maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika, na nafuu mtu akiinama mbele: wengi huyaita vidonda vya tumbo na kununua tembe za kupunguza asidi. Nenda hospitali uombe kipimo cha damu cha lipesi, kimeng'enya cha kongosho kinachosaga mafuta. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na maumivu hayo, ni kongosho. Choo chenye mafuta kinachoelea huonyesha vimeng'enya vimepungua. Kapsuli za vimeng'enya hivyo humezwa pamoja na chakula, si baada ya kumaliza.

Anayekunywa kila siku tangu asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Jasho, kutetemeka na degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na degedege hizo zinaweza kuua. Aachie hospitalini, chini ya daktari.

Mtaalamu wa lishe,
Kisumu