Kinanda cha hoteli na kichaguliwe na atakayekipiga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye mahoteli, wauza vyombo vya muziki na vijana wapiga vinanda wa hapa Malindi, ambao kila msimu wa wageni unapokaribia huanza kuulizana ni kinanda gani kinunuliwe. Swali lenyewe ni jema. Linaloniudhi ni namna linavyojibiwa: hutazamwa idadi ya sauti iliyoandikwa kwenye boksi, kikachukuliwa chenye sauti 600 na kuachwa chenye 40, kisha mpigaji huletewa chombo kama bwana arusi aliyeposewa na wazee bila ya kuulizwa.

Nitajifunga kwenye sauti moja, ile ya piano ya umeme ya miaka ya 1970, kwa sababu ndiyo inayokaa vizuri chini ya mazungumzo ya watu wanaokula chajio, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na vinanda vilivyonunuliwa kwa kuhesabu sauti. Asili yake ni chuma na nyundo. Mmarekani Harold Rhodes, aliyekuwa mwalimu wa piano, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwaundia askari majeruhi vipiano vidogo vya kupigia kitandani, akitumia mabomba ya aluminiamu ya ndege za kivita. Piano kubwa iliyobeba jina lake pamoja na la Fender, kampuni ya magitaa, ilianza kuuzwa mwaka 1965. Ndani yake kila kitufe hurusha nyundo inayogonga kijiti chembamba cha chuma, na mbele ya ncha ya kijiti hicho pamewekwa sumaku iliyozungushiwa waya, ambayo huugeuza mtikisiko kuwa umeme wa kupelekwa kwenye spika. Ukigusa taratibu, kijiti hucheza kidogo na sauti hutoka kama kengele iliyo mbali. Ukigonga kwa nguvu, ncha hupepea kwa upana mbele ya sumaku na sauti huota ukali, hata ikakaribia kubweka. Mshindani wake, Wurlitzer, ilitumia ndimi bapa za chuma badala ya vijiti, na yenyewe hukoroma mapema zaidi, hata kwa mkono usio mzito.

Kwa hiyo katika piano hizi mkono hauongezi sauti peke yake. Hubadilisha na rangi ya sauti. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji utaalamu wowote. Chagua kitufe kimoja cha katikati, ukipige mara kumi, ukianza kwa kugusa kama unayemwamsha mtoto na kumaliza kwa nguvu zako zote. Katika kinanda kizuri utasikia sauti ikipanda ngazi zisizohesabika kutoka kengele hadi ukali. Katika kinanda kibaya utasikia moja kati ya mambo mawili: ama rangi ni ile ile na kinachoongezeka ni kelele tu, ama kati ya pigo la tano na la sita sauti inaruka ghafla, kwa sababu mtengenezaji alirekodi sampuli mbili tatu za sauti ya piano yenyewe na kuziunga kwa pupa. Kisha kishikilie kitufe bila ya kukiachia na usikilize sauti ikifa. Ya kweli hufifia yenyewe, kila mara ikipungua ukali. Ya bandia huanza kuzunguka kama feni baada ya sekunde chache. Rudia jambo hilo kwenye vitufe vya chini kabisa, ambako uongo hujificha vibaya zaidi.

Nayasema haya nikiwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Miaka kadhaa iliyopita niliingia duka moja mjini Mombasa, muuzaji akabonyeza kitufe cha maonyesho, kinanda kikajipigia chenyewe wimbo mtamu kupita kiasi, nami nikalipa bila ya kukigusa kwa mkono wangu. Usiku wa kwanza nilipokipeleka kazini, hotelini, niligundua kwamba piano ya umeme iliyomo ilikuwa na rangi moja tu, kama mtu anayezungumza kwa kupiga kelele au kwa kunong'ona lakini hajui kutabasamu. Nilikipiga misimu miwili kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha.

Wapo watakaosema ni heri kutafuta Rhodes yenyewe. Mimi niliwahi kuipiga, ya vitufe 73, katika hoteli moja hapa mjini nilipokuwa kijana, na bado naisikia masikioni. Lakini ilizidi kilo 50, tuliibeba watu wanne, na hewa ya chumvi ilikula vijiti vyake kimoja baada ya kingine hadi ukawa unapiga wimbo wenye mapengo ya meno. Vipuri havikuwa karibu. Ukaaji wa bahari na chuma mwausikia kwa mabaharia, sina haja ya kuueleza.

Uzito ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani walio Nairobi. Atakayealikwa kupiga arusini Lamu atateremsha chombo chake Mokowe, apande boti nacho, akishushe gatini, kisha akipitishe vichochoro ambavyo gari halipiti, juu ya mkokoteni au mgongo wa punda. Yamaha CP88 ina vitufe 88 vizito vinavyojibu mkono vizuri sana, nayo ina uzito wa zaidi ya kilo 18. Ni chombo cha kukaa mahali pamoja. Roland RD-88 ina kilo 13 na nusu na spika ndogo ndani yake. Nord Electro 6D ya vitufe 73, inayotengenezwa Uswidi, haifiki kilo 10, na mwenye nayo huruhusiwa kupakua bure kutoka intaneti sauti nyingine za piano zilizorekodiwa na kampuni hiyo. Bei yake ndiyo inayomtoa mtu jasho. Na mbona tung'ang'anie vitufe 88? Rhodes iliyo maarufu zaidi ilikuwa na 73, na Wurlitzer ilikuwa na 64 tu. Anayetaka sauti hizo peke yake hapotezi kitu kwa kununua kifupi, ingawa anayepiga pia piano ya kawaida atakuwa na hoja nyingine.

Kuna mtego mmoja ambao sijasikia muuzaji yeyote akiutaja. Utamu wa Rhodes ya sanduku, yaani ile iliyouzwa pamoja na spika zake, ulitokana na sauti kuhama polepole kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia na kurudi, na vinanda vya kisasa huiga mwendo huo. Bustani zetu nyingi zina spika moja tu. Pande mbili zikichanganywa katika spika moja, kinachopungua kushoto kinafidiwa na kinachoongezeka kulia, na mwendo wote unapotea; mpigaji hudhani chombo kimeharibika. Dawa ni kupeleka kwenye spika waya wa upande wa kulia tu, ili sauti ipande na kushuka, au kutumia mtikisiko wa sauti wa Wurlitzer, ambao tangu asili ni wa spika moja.

Kuhusu stima nitasema machache. Vinanda vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Japani mara nyingi ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya 120. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye volti zetu 240 utanusa moshi kabla ya kusikia noti, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kwanza. Stima ikikatika, Casio PX-5S huendelea kwa betri 8 ndogo za kawaida, ina vitufe 88 na kilo 11 hivi, na piano zake za umeme zinashinda kipimo changu cha mapigo kumi kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa kijana mwenye mfuko mwembamba, hiyo iliyotumika ndiyo ningemwelekeza kwanza. Ila asikiache chombo barazani usiku kucha bila ya kukifunika, maana umande wa chumvi huingia chini ya vitufe na baada ya muda baadhi yao hukataa kuitika.

Ombi langu kwa wauza vyombo wa Malindi na Mombasa ni kwamba wawashe angalau kinanda kimoja dukani, kikiwa kimeunganishwa na spika na kanyagio la mguu, wamwache mnunuzi akipige robo saa bila ya kitufe cha maonyesho kuguswa. Na wenye mahoteli, kabla ya kulipa, wamtume dukani yule atakayeketi nyuma ya kinanda hicho kuanzia saa moja ya usiku hadi saa tano.

Wako,
Mpiga kinanda wa hotelini,
Malindi.