Wiki hii: Robin Trower

Wadau, wiki hii ni zamu ya kumsikiliza Robin Trower, mpiga gitaa wa Uingereza aliyetokea bendi ya roki ya Procol Harum. Anzeni na Bridge of Sighs ya 1974, si albamu yake ya kwanza. Zimeni mpangilio wa kuchanganya nyimbo: wimbo uliobeba jina la albamu unaishia kwenye mvumo wa upepo unaoingia moja kwa moja kwenye In This Place. Ukikatika hapo, utamu wote umekwenda. Vaeni hedifoni, maana spika ya simu inameza besi ya James Dewar, na ndiye mwimbaji pia, sauti tamu ajabu! Halafu For Earth Below ya 1975. Sikilizeni ngoma, Bill Lordan keshachukua nafasi ya Reg Isidore. Maoni tuma Jumapili jioni.