Mchore kunguru, mama

Mwanangu mpenzi,

Ugonile, mama? Sisi wazima. Baridi ya Juni imeshika hapa Mbeya. Asubuhi mlima Loleza wote umemezwa na ukungu, na mama yako haendi sokoni Mwanjelwa bila makoti mawili.

Ujumbe wako nimeusoma. Mwalimu kawaambia mchore ndege wa kwenu, nawe umechagua mbayuwayu wa buluu wa hifadhi ya Kitulo. Ni ndege mzuri, sikatai. Huja kule juu msimu wa mvua, akazaa, akaondoka. Lakini wewe na mimi hatujawahi kumtia machoni. Utamnakili kwenye simu tu.

Kunguru je? Huyo umekua naye. Alikupokonya kitumbua mkononi siku ya kwanza ya shule, ukalia mpaka Kabwe.

Usije ukamchanganya na yule wa Dar, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India. Wetu ni mwenyeji, mwenye fulana nyeupe. Mkae naye dakika kumi tu, jua likiwa limetoka. Utaona huyo si mweusi. Mgongoni ana buluu, bawa likigeuka inaingia zambarau. Mimi nililijua hili kwa shida: rangi nyeusi iliniishia katikati ya kazi, nikachanganya buluu na kahawia, na ule weusi ukawa hai kuliko wa kopo. Tangu hapo sinunui nyeusi kwa ajili ya manyoya.

Nikuchekeshe. Kuna mteja aliwahi kuniagiza tai kwenye tela la lori lake. Tai nilikuwa sijamwona kwa karibu, nikaazima mwili wa aliyekuwa juu ya bati. Mteja akazunguka tela mara mbili, akasema, "Mzee, huyu ni kunguru umemvisha mdomo wa mwewe." Akanilipa nusu. Iliniuma, ila alisema kweli, na mpaka leo naona lile bawa ndilo bora nililowahi kuchora. Mkono ulichora kinachojulikana na macho.

Hata mzee Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 hakusubiri vifaa vya chuo. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, hizi hizi za kwetu mafundi wa mabango. Alifariki 1972, na ndege wake bado wanauzwa kila penye watalii.

Watu husema "kunguru hafugiki" wakimsema binadamu asiyetulia. Mimi naisikia kama sifa. Kuku tunamfuga, tunamchinja. Huyu anaishi nasi miaka yote, anakula kwetu, na hakuna anayemmiliki. Mama yako naye hakubaliani na mawe anayorushiwa pale sokoni. Juzi anamenya viazi akaanza kuhesabu mizani ya shairi kwa kisu, nikaandika nyuma ya risiti:

Ewe kunguru wa soko, nani amekufulia,
Weupe wa shingo yako, vumbi halijaingia,
Jalalani ndiko kwako, ung'avu umebakia,
Wapitao na mfuko, mawe wanakutupia.

Beti moja tu, viazi vikaiva. Anasema ya pili utunge wewe.

Basi ukichora, usimtoe jalalani ukamweka kwenye tawi la maua. Muache na mfuko wake wa nailoni na ganda la ndizi. Anza na jicho. Miguu usiihangaikie sana, hata mimi hunishinda.

Nilitaka kuandika zaidi, mama, ila nasikia kelele uani. Mama yako anafua, na kuna mmoja amepaa na kipande cha sabuni. Ametua kwenye bati la jirani, anakigeuzageuza. Naenda kumwangalia kabla hajaruka.

Baba yako