Barua kwa Mwanangu: Mwaka Mto Nile Ulipokataa Kupanda

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi hapa Wete hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Picha uliyonitumia ya ile nguzo ya kupimia maji ya Nile, pale kisiwani Roda, Kairo, nimeikuza kwenye simu hadi alama za dhiraa zikaanza kuonekana. Umeniuliza kama kuna mwaka maji yalikataa kupanda. Miaka hiyo ipo mingi, lakini mmoja haunitoki moyoni: 1783.

Tarehe 8 Juni mwaka huo, huko Aislandi, ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki. Ufa wa kilomita kama 27 ukatema moto na gesi kwa miezi minane, takriban tani milioni 120 za gesi ya salfa. Malisho yaliingia sumu, mifugo ikaangamia, na katika kila watu watano wa nchi ile akafa mmoja, wengi kwa njaa.

Misri inaingiaje hapo? Kumbuka tulivyokuwa tukianika karafuu uani. Jua likiwaka, ardhi inapata moto, hewa yake inapanda, na upepo wa baharini unakuja kushika nafasi hadi pembe za mkeka zinapepea. Wingu likiziba jua kwa muda, upepo nao unalala. Pepo kubwa ni hivyo hivyo. Kusi yetu huvutwa na joto la nchi kavu za kaskazini wakati wa kiangazi chao, na joto hilo hilo ndilo linalopandisha mvua kwenye milima ya Uhabeshi. Mvua ile ndiyo inayoufurisha Nile.

Sasa gesi ya Laki iligeuka angani kuwa chembe ndogo mno za asidi, ukungu uliotanda kaskazini na kuurudisha juu mwanga wa jua. Nchi kavu zikapoa, mvuto ukalegea, ukanda wa mvua ukashindwa kupanda kaskazini ulikozoea. Watafiti waliouiga mlipuko ule kwa kompyuta wameyaona hayo hayo: mvua inapungua Sahel, ule ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, na kwenye vyanzo vya Nile.

Mto haukufurika vya kutosha 1783, wala 1784. Mfaransa Volney, aliyekuwa huko, aliandika kwamba ombaomba waliojaa mitaa ya Kairo walitoweka wote, waliokufa na waliohama, na kwamba Misri ilipoteza kama moja ya sita ya watu wake. Sisemi ni Laki peke yake, maana watawala nao walikuwa wakigombana na kuwakamua wakulima. Lakini inaniuma, mwanangu. Sidhani kama mkulima yeyote aliyezika watoto wake pale aliwahi kulisikia jina la Laki.

Ukienda tena Roda, shuka ngazi hadi zitakapoishia, unipigie picha nguzo yote kwa karibu. Maji kufika dhiraa ya 16 ndiko Wamisri walikokuwa wakikungojea kila mwaka. Nataka kuiona dhiraa hiyo ilipo.

Baba yako