Barua kutoka Wales: visanduku viwili, msitu mmoja

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, ila baridi haijatuachia. Umeuliza kwa nini msitu mmoja una visanduku vya viota vya aina mbili, vilivyofungwa mitini, na najua jibu la juujuu halimtoshi seremala.

Kimoja ni cha mdaka-nzi, ndege mwimbaji wa gramu 12 hivi, dume lake jeusi mgongoni na jeupe tumboni. Kingine ni cha dormouse, mnyama wa rangi ya dhahabu mwenye mkia wa manyoya, gramu 20 hivi wakati wa kiangazi. Usimchanganye na panya wa ghalani.

Ukubwa wa tundu usikudanganye. La ndege ni milimita 28 na la mnyama 35, lakini mnyama hupenya hata lile la 28, na akikuta mayai, ole wa ndege. Muhimu ni upande. Mdaka-nzi huingia akiruka, kwa hiyo tundu litazame nje, pasiwe na tawi mbele. Dormouse huja kwa kupanda, kwa hiyo lake linatazama shina. Mgongoni mwa kisanduku pigilia papi mbili, yaani vipande vyembamba vya mbao, moja juu ya tundu na moja chini, ili pabaki upenyo kati ya ubao na gome. Bila papi shina linaziba tundu, na kazi yote imekwenda bure.

Ubao uwe wa milimita 15 au zaidi, usiopakwa dawa. Mwembamba hupinda na mvua inapenya. Kwenye mti kifunge kwa waya wenye ganda la plastiki, ulegezwe kadiri mti unavyonenepa.

Mdaka-nzi hurudi kutoka Afrika Magharibi kuanzia katikati ya Aprili, na hapo ndege wakaazi, wale wasiohama, wameshajichukulia nafasi. Ndiyo maana baadhi ya matundu huzibwa mpaka afike.

Ukichungulia ndani, kiota chenye kuvumwani kwingi, ile mimea laini ya kijani, ni cha ndege wakaazi. Majani makavu ya mwaloni yenye kikombe katikati ni ya mdaka-nzi. Nyuzi za gome zilizosukwa mviringo na kufunikwa majani mabichi ni za dormouse. Hapo funga kisanduku: sheria inataka leseni ya kumsumbua mnyama huyu, na mwenye leseni huziba tundu kwa kitambaa kabla ya kuinua kifuniko. Dormouse akikutwa amejikunja, wa baridi, mkia usoni, hajafa. Asipashwe joto, akizinduka hupoteza mafuta yake bure.

Wasalimie wote nyumbani.